Kukagua Msimbo Bila Kuuendesha: Historia ya Utambuzi wa Udhaifu wa Kiusalama katika Programu za Lugha ya C na Maana Yake kwa Njombe na Makambako

1.0 Utangulizi

Majina ya halmashauri za Mkoa wa Njombe hayalingani kwa urefu. Njombe, Makete na Ludewa yana herufi sita kila moja. Makambako lina herufi tisa. Wanging'ombe, ukihesabu na ritifaa yake, lina alama kumi na mbili. Tuchukulie kwamba mtunzi wa programu ya kutoza ushuru wa mazao anaandika kwa lugha ya C, na anataka kuhifadhi jina la mji ambako gunia la viazi limepakiwa. Miji anayoifikiria ni miwili tu, Njombe na Makambako. Anahesabu herufi, anaona jina refu zaidi lina tisa, naye anatenga baiti tisa katika kumbukumbu ya kompyuta. Hesabu yake ni sahihi kwa mwenye kusoma Kiswahili, lakini si sahihi kwa C. Lugha hiyo haihifadhi urefu wa neno popote. Hutambua mwisho wa neno kwa kukuta baiti yenye thamani ya sifuri. Kwa hiyo Makambako huhitaji baiti kumi, na ile ya kumi huandikwa katika nafasi ambayo ni mali ya kitu kingine.

Programu hiyo ikijaribiwa kwa jina la Njombe itafanya kazi vizuri mwaka mzima. Ikijaribiwa kwa jina la Makambako huenda pia ikafanya kazi, kwa kuwa baiti moja iliyozidi mara nyingi huangukia mahali pasipotumika. Siku itakapoingizwa Wanging'ombe, baiti nne zitavuka mpaka. (Ritifaa ya jina hilo huleta balaa jingine katika hifadhidata, ambako alama hiyo hufunga maneno ya amri kabla ya wakati wake, lakini hilo si suala la insha hii.) Na siku atakapotokea mtu mwenye nia mbaya, hataingiza jina la halmashauri yoyote; ataingiza mfululizo wa baiti mia kadhaa alizozipanga kwa makusudi ili zile zinazovuka mpaka zibadili mwenendo wa programu nzima.

Kumjaribu mtumiaji mmoja mmoja hakutoshi kugundua kosa la namna hii, kwa sababu jaribio huonyesha tu kile kilichojaribiwa. Njia ya pili ni kuusoma msimbo wenyewe bila kuuendesha, na kuiachia programu nyingine kazi ya kusoma. Njia hiyo ndiyo inayoitwa uchanganuzi tuli. Fundi wa reli anayetembea kwa miguu akikagua misumari na viungo vya reli hasubiri treni ipite ili ajue palipolegea. Mchanganuzi tuli hufanya kazi iliyo karibu na hiyo juu ya maandishi ya programu.

Insha hii inafuatilia historia ya ukaguzi huo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuuliza una maana gani kwa mahali kama Njombe na Makambako, ambako msimbo hupokelewa ukiwa umeandikwa kwingine. Maelezo yaliyozoeleka huichukulia historia hii kuwa ni ya zana zilizoendelea kunolewa mwaka hadi mwaka. Hoja ya insha hii ni tofauti: kilichoamua hatima ya kila zana ni idadi ya maonyo ambayo binadamu mmoja aliweza kuyasoma na kuyaelewa.

2.0 Lugha iliyomwamini mwandishi wake

Dennis Ritchie aliitengeneza C katika maabara za Bell nchini Marekani mnamo mwaka 1972, na mwaka uliofuata mfumo endeshi wa Unix uliandikwa upya kwa lugha hiyo. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno. Kukagua kila mara kama programu imevuka mpaka wa nafasi iliyotengwa kungekula muda na nafasi ambavyo havikuwapo, kwa hiyo C iliacha jukumu hilo mikononi mwa mwandishi. Haikuwa lugha ya watu wazembe. Ilikuwa lugha ya watu wachache waliofahamiana na kukaa katika jengo moja.

Hata hivyo, ndani ya jengo hilohilo mashaka yalianza mapema. Stephen Johnson alitunga programu aliyoiita lint, jina la manyoya madogo yanayong'ang'ania nguo, na ripoti yake ikatolewa mwaka 1978. Mwaka 1979 lint ilisambazwa pamoja na toleo la saba la Unix. Ilisoma msimbo wa C na kuonyesha vitu vilivyokubalika kisheria lakini vyenye kutia shaka: kigeu kinachotumiwa kabla ya kupewa thamani, funksheni inayoitwa kwa namna moja hapa na kwa namna nyingine pale, sehemu ya programu isiyoweza kufikiwa kamwe. Jambo la kuzingatia ni kwamba lint ilitengwa na kompaila. Kompaila ilitakiwa iwe nyepesi na ya haraka. Ukali uliwekwa kando, katika programu ambayo mwandishi angeweza kuiita akipenda, au asiiite. Mgawanyo huo wa kazi ulikuwa na sababu nzuri kwa mashine za mwaka 1979, lakini uliufanya ukaguzi kuwa jambo la hiari, na kwa miaka mingi ukabaki hivyo.

Wakati huohuo misingi ya nadharia ilikuwa inajengwa. Kwamba hakuna programu iwezayo kujibu kwa uhakika kila swali kuhusu mwenendo wa programu nyingine lilikuwa jambo lililokwisha kuthibitishwa: Alan Turing alilionyesha mwaka 1936 kuhusu swali la kama programu itafika mwisho, na Henry Rice akalipanua mwaka 1953. Mwaka 1977 Patrick na Radhia Cousot, nchini Ufaransa, walitoa jibu la kiungwana kwa kikwazo hicho. Kama ukweli kamili haupatikani, tufanye makadirio yanayoelemea upande wa usalama: tusiulize kigeu kina thamani gani hasa, tuulize kimo kati ya wapi na wapi. Makadirio hayo hayakosi hatari iliyopo, lakini yataona hatari hata pasipo na hatari. Gharama ya uhakika, basi, ni maonyo ya uongo, na gharama hiyo ndiyo iliyotawala miongo yote iliyofuata.

3.0 Mwaka 1988 na baada yake

Tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachilia katika intaneti programu iliyojisambaza yenyewe, ambayo imebaki katika historia kwa jina la Mnyoo wa Morris. Makadirio ya wakati huo yalitaja kompyuta zipatazo 6,000 zilizoathirika, kati ya takriban 60,000 zilizounganishwa. Mnyoo huo ulikuwa na njia kadhaa za kuingilia. Mojawapo ilikuwa huduma ndogo ya Unix iliyotoa taarifa za watumiaji. Huduma hiyo ilipokea maneno kwa funksheni ya C iitwayo gets, ambayo haiulizi nafasi iliyotengwa ina ukubwa gani. Nafasi ilikuwa baiti 512. Mnyoo ulituma 536. Ni tofauti ya baiti 24.

Kosa hilo halikuwa la siri. Mtu yeyote aliyeusoma msimbo wa huduma hiyo angeweza kuliona, na msimbo ulikuwa umesambaa katika vyuo vikuu vingi. Ulikuwa wazi kusomwa, ila haukuwa umesomwa kwa swali hilo. Mwitikio wa kitaasisi ulikuwa wa haraka: mwezi huohuo kiliundwa kituo cha kuratibu dharura za kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mfano ulioigwa baadaye na mataifa mengi, Tanzania ikiwamo. Mwitikio wa lugha yenyewe ulikuwa wa kobe. Funksheni ya gets iliondolewa katika viwango rasmi vya C mwaka 2011, miaka 23 baada ya mnyoo.

Katika kipindi cha kati, maarifa ya kushambulia yalikwenda mbele ya maarifa ya kukagua. Mwaka 1996 jarida la wadukuzi liitwalo Phrack lilichapisha maelezo ya hatua kwa hatua ya namna ya kugeuza furiko la bafa kuwa udhibiti wa kompyuta nzima. Zana za kwanza za ukaguzi zilizolenga usalama hasa zilifuata baada ya miaka minne au mitano: ITS4 mwaka 2000, kisha Flawfinder na RATS mwaka 2001. Zote tatu zilikuwa za wepesi wa ajabu. Zilipekua msimbo zikitafuta majina ya funksheni zenye sifa mbaya, gets na strcpy zikiwa mstari wa mbele, na kuyaorodhesha kwa kiwango cha hatari. Hazikuelewa programu inafanya nini. Programu yetu ya ushuru ingeonywa kwa kutumia strcpy hata kama nafasi iliyotengwa ingekuwa baiti mia.

4.0 Hesabu ya maonyo

Utafiti unaostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni ule wa David Wagner na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliotolewa mwaka 2000. Walichukua wazo la makadirio na kulitumia kwa mafuriko ya bafa: kwa kila nafasi iliyotengwa, zana yao ilikadiria ukubwa wake ni kati ya ngapi na ngapi, na kwa kila neno linaloandikwa humo, ikakadiria urefu wake vivyo hivyo. Pale ambapo urefu ungeweza kuzidi ukubwa, onyo lilitolewa.

Waliijaribu kwa sendmail, programu maarufu ya kusafirisha barua pepe, toleo ambalo lilikuwa limekwisha kukaguliwa kwa mikono na watu wenye ujuzi. Ndani yake mlikuwa na sehemu 695 zenye kuita funksheni za hatari. Mkaguzi anayetumia njia ya kutafuta majina angelazimika kuzitazama zote. Zana ya Wagner ilitoa maonyo 44. Kati ya hayo, manne yalikuwa makosa ya kweli, nayo yalikuwa ya aina ileile ya Makambako: kuzidi kwa baiti moja.

Takwimu hizi zinaweza kusomwa kwa njia mbili. Mwenye kuisifu zana atasema imepunguza kazi mara kumi na tano na kuona kilichowapita wakaguzi hodari. Mwenye kuilaumu atasema kwamba katika kila maonyo kumi na moja, kumi ni ya uongo. Wote wawili wanasema kweli. Kinachosahaulika ni kwamba kila mojawapo ya yale maonyo 44 lilihitaji mtu aketi, afuate njia ya thamani kutoka funksheni hadi funksheni, na afikie uamuzi. Tukikadiria nusu saa kwa kila onyo, makadirio ambayo si ya ukali, tunapata saa 22 za mtu mwenye kuijua C vizuri, kwa programu ya makumi machache ya maelfu ya mistari. Kiini cha Linux, kinachoendesha kila simu ya Android iliyomo mfukoni mwa mkulima wa Lupembe au wakala wa fedha wa stendi ya Makambako, kina makumi ya mamilioni ya mistari.

Waliolielewa jambo hili mapema kuliko wengine ni wafanyabiashara. Dawson Engler na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Stanford waligeuza utafiti wao kuwa kampuni ya Coverity, na mwaka 2010 walichapisha masimulizi ya waliyojifunza kwa wateja. Ni masimulizi ya ukweli usio wa kawaida katika taaluma hii. Walieleza kwamba maonyo ya uongo yakizidi asilimia 30 hivi, watu huacha kuitazama zana. Kwamba mtumiaji akishakata tamaa hulihesabu hata onyo la kweli kuwa la uongo. Na kwamba walipolazimika kuchagua kati ya kuonyesha makosa mengi zaidi na kupunguza maonyo ya uongo, kwa kawaida walichagua la pili. Maana yake ni kwamba zana iliyouzwa ilinyamazishwa kwa makusudi, ikaacha kusema baadhi ya iliyoyashuku, ili isikilizwe kwa yale machache iliyoyasema. Mtafiti anayeisoma ripoti ya zana ya namna hiyo na kuikuta safi hana budi kukumbuka kwamba usafi huo umekatwa kwa kipimo cha uvumilivu wa msomaji. Katika ncha ya pili ipo zana ya Kifaransa ya Astrée, ambayo mnamo mwaka 2003 ilithibitisha kutokuwapo kwa makosa ya uendeshaji katika programu ya kuongozea ndege ya Airbus A340. Iliweza hayo kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya aina moja finyu ya programu na kurekebishwa mpaka maonyo ya uongo yakaisha. Mpango wa namna hiyo hauwezi kumudiwa na mtunzi wa programu ya ushuru wa viazi.

Ziko pia hatari za kulitii onyo bila kulielewa. Mwaka 2006, msimamizi wa programu ya OpenSSL katika mfumo wa Debian alipata onyo kwamba msimbo unasoma kumbukumbu ambayo haijapewa thamani. Zana iliyoonya, Valgrind, hutazama programu ikiwa inaendeshwa, kwa hiyo si ya uchanganuzi tuli kwa maana finyu. Lakini funzo linahusu maonyo ya kila zana. Mistari iliyolalamikiwa iliondolewa. Mmojawapo ndio uliokuwa ukiingiza bahati nasibu katika utengenezaji wa funguo za siri. Kwa karibu miaka miwili, hadi Luciano Bello alipoligundua tatizo na likatangazwa Mei 2008, funguo za aina na ukubwa mmoja zilizotengenezwa kwenye aina moja ya mashine za Debian zingeweza kuwa 32,768 tu, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huweza kuijaribu yote. Onyo lilikuwa na msingi, ila msomaji wake hakujua kilichokuwa kikiendelea katika mistari ile.

OpenSSL hiyohiyo ilirudi katika historia kwa jina la Heartbleed. Toleo lenye kosa lilitolewa Machi 2012, mwezi uleule ambao Njombe ilitangazwa kuwa mkoa, na kosa likatangazwa Aprili 2014. Mtu aliweza kuituma seva neno la herufi chache na kudai kwamba ni la baiti elfu sitini na nne. Seva ilimwamini na kumrudishia kiasi alichodai, ikichota kilichobaki katika kumbukumbu iliyo jirani, zikiwamo nywila na funguo. Simu za Android 4.1.1 nazo zilikuwa na kosa hilo. Zana kubwa za uchanganuzi tuli zilikuwapo, na hazikuliona. Urefu uliodaiwa ulitoka katika ujumbe wa mtandao na kupita njia ndefu kabla ya kutumika, na zana hazikujua kwamba thamani ile inatoka kwa mtu asiyeaminika. Wahandisi wa Coverity walirekebisha zana yao baada ya tukio: namba inayogeuzwa mpangilio wa baiti zake, kama ifanyikavyo kwa data inayotoka mtandaoni, ianze kushukiwa. Kwa hukumu ya insha hii, hapo ndipo mipaka ya zana inapoonekana waziwazi kuliko popote: hujifunza kuliona kosa baada ya binadamu kuliona kwanza.

5.0 Msimbo unaopokelewa

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta kuleta vurugu, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Marufuku hiyo imesimuliwa mara nyingi kama kosa la kuogopa maendeleo. Inaweza pia kusomwa kama kauli ya mpokeaji aliyegundua kwamba hana njia ya kujua mashine aliyoletewa inafanya nini ndani yake. Milango ilipofunguliwa tena, ilifunguliwa yote kwa pamoja, na swali la awali halikujibiwa. Zuio halikuambatana na ukaguzi, wala uhuru uliofuata haukuambatana nao.

Makambako ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili kwa kuwa ni mji wa njia. Barabara kuu ya kwenda Zambia na barabara ya Songea hukutana hapo, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina kituo hapo. Mawasiliano yalifuata ukanda uleule. M-Pesa ilianza nchini Aprili 2008. Nyaya za baharini zilifika Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009. Na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukajengwa kuelekea Nyanda za Juu Kusini. Kuanzia mwaka 2010 wafanyabiashara walianza kutumia mashine za kielektroniki za kutolea risiti. Katika muda usiozidi miaka kumi, mfanyabiashara wa mbao wa Njombe aliweka juu ya meza yake vifaa ambavyo ndani yake kuna mamilioni ya mistari ya C.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusika hapa kwa namna ambayo wanafunzi wa usalama wa kompyuta wanapaswa kuifahamu mapema. Kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa, na mtu anayejaribu udhaifu katika mfumo wa benki au wa halmashauri ulio kazini, hata kwa nia njema, anajiweka hatarini. Uchanganuzi tuli wa programu huria hauna mgogoro huo. Msimbo wa OpenSSL au wa kiini cha Linux hupakuliwa kihalali, husomwa kwenye kompyuta ya msomaji mwenyewe, na hakuna mfumo wa mtu mwingine unaoguswa. Kompaila za kawaida, GCC na Clang, sasa zina wachanganuzi ndani yake bila malipo. Ule utengano wa mwaka 1979 umeanza kufutika. Mwanafunzi aliyeko Njombe ana zana zilezile alizonazo mwenzake wa Stanford. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu huria ya ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, ulikwisha kuonyesha kwamba msimbo wa wengine unaweza kufunguliwa na kufanyiwa kazi nchini. Kilichofunguliwa wakati ule kilikuwa maneno yanayoonekana kwenye kioo. Kusoma kinachofanyika nyuma ya maneno hayo ni kazi ya aina nyingine, na inahitaji mtu mwenye saa zile 22.

Vifaa vya mezani ni suala gumu zaidi, kwa sababu msimbo wake hauko wazi kwa mnunuzi. Hapo zana ya kusoma msimbo chanzo haina cha kusoma, na mtaalamu wa halmashauri, hata awe hodari vipi, hubaki na kijitabu cha maelekezo tu. Nafasi pekee aliyo nayo mpokeaji ni kabla ya kusaini mkataba wa ununuzi. Kudai kwamba msambazaji aoneshe ripoti safi ya uchanganuzi hakufai kitu, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa katika sehemu ya nne: ripoti safi hupatikana kwa kuinyamazisha zana. Kinachofaa kudaiwa ni ripoti yenye maonyo yote, jina la zana iliyotumika na namna ilivyowekwa, na kwa kila onyo lililopuuzwa, sentensi moja ya kueleza kwa nini limepuuzwa na nani aliyefikia uamuzi huo.